Usiguse Kisanduku

Machi 4

Mkamwana wangu kaniagiza niandike kila siku vitu nilivyogusa. Haya. Leo nimegusa kikombe, kitasa cha mlango, na kiuno changu ambacho kinaniuma tangu juzi. Roho yake itulie.

Ngoja nieleze vizuri, asije mtu akasoma akadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Karakana hii ni yangu. Nimetengeneza redio humu ndani mpaka redio zenyewe zikaishiwa hamu ya kuharibika. Mwanangu akaoa mhandisi, mwanangu akapata kazi ya mbali, mhandisi akabaki na mimi, karakana na panya. Sasa yeye ndiye bosi na mimi ndiye fundi wake, na mshahara ninaopata ni kukoromewa.

Kazi yetu ni visanduku vya mto. Kila daraja lina kisanduku juu ya nguzo, chenye jicho la kutazama maji na king'ora cha kuwaamsha watu wa bondeni mto ukipanda. Ndani yake kuna kompyuta ndogo kama kiberiti. Akili yake yote, kuanzia kuamka mpaka kupiga kelele, imefungwa kuwa faili moja kubwa. Wao wanaiita imeji. Kuitengeneza wanasema kuipika, na maelekezo ya kuipika wanayaita mapishi. Mara ya kwanza kusikia nilikwenda kunawa mikono.

Shida ni hii: imeji zote zilizoko mtoni alizipika fundi mmoja tuliyemwita Mrefu, kwenye kompyuta yake mwenyewe, kwa namna anayoijua yeye na Mungu wake. Kisha akahamia ofisi kubwa. Katuachia folda yenye faili zinazoitwa "mpya", "mpya kabisa", "mpya kabisa ya mwisho", na "mwisho usifute". Mkamwana anataka kupanga upya jiko zima kabla mvua haijachachamaa.

Machi 6

Mkamwana kampigia simu Mrefu, kaweka spika ili nami nisikie.

"Mrefu, hii imeji ya visanduku vya kijivu, vile vipya, uliipikaje? Kwangu inagoma."

"Mbona kwangu inakubali, dada."

"Kwako wapi?"

"Kwenye ile kompyuta yangu."

"Iko wapi hiyo kompyuta?"

"Ah, ile niliifuta yote nilipohama. Ilikuwa inapata moto sana."

Nilicheka nikapaliwa na chai. Nilitolewa nje kama kuku aliyeingia sebuleni.

Machi 11

Mvua. Umeme umekatika. Kupika kumeanza upya kutoka mwanzo.

Machi 12

Kama jana.

Machi 13

Kama juzi, ila leo umeme ulikatika imeji ikiwa imebakiza kidogo tu kuiva. Mkamwana alisimama akaenda kuutazama ukuta. Nikamwambia ukuta huo niliupaka rangi mwenyewe, asante kwa kuuthamini.

Machi 15

Kuna karatasi ukutani kwangu, imebandikwa kwa gundi bila ruhusa ya mwenye ukuta: USIGUSE KISANDUKU.

"Hii inamhusu nani?" nikauliza, kana kwamba tuko watu wengi.

"Inamhusu mtu anayepitapita na bisibisi mfukoni."

"Mimi nimefundishwa hivi, mwanangu: redio ikikohoa unaifungua, unaipuliza, unaigonga kidogo, inaimba. Mwenyewe anaondoka anafurahi."

"Redio ni moja, baba. Visanduku ni vingi. Ukikirekebisha kimoja kwa mkono, kinakuwa cha peke yake, wala mimi sijui tena kina nini tumboni. Kosa likionekana, tunarekebisha mapishi, tunapika upya, tunaituma kwa vyote hewani, kwa mtandao."

"Na nikikigusa kidogo tu?"

Akaniketisha chini, akanieleza polepole kama anamweleza mgonjwa. Imeji nzima ni nzito, haipiti hewani. Kwa hiyo kinachotumwa ni ile tofauti tu kati ya ya zamani na mpya. Kisanduku kabla ya kupokea hujikagua kwanza. Kikikuta ndani yake kuna hata herufi moja isiyotoka jikoni, kinakataa.

"Kinanuna," nikasema.

"Kinanuna, ndiyo. Na hapo hakuna wa kukibembeleza mpaka mtu aende na kadi yenye imeji mkononi akakiandike upya."

Nikamwambia nimewahi kuishi na mtu wa namna hiyo, mama mkwe wake. Hapo alicheka. Lakini karatasi imebaki.

Machi 22

Dada yangu kapiga simu. Huyu ni mkubwa wangu, mshonaji, anakaa bondeni karibu kabisa na daraja la chini. Kuhama hataki. Anasema alizaliwa kabla ya mto huo kujifunza jeuri.

"We mdogo wangu, njoo umchukue jogoo wako."

"Jogoo gani?"

"Hilo sanduku lenu la kijivu! Linawika kila kukidondoka tone. Mto uko kule chini umelala, lenyewe linalia. Jana nimemchoma mteja pini."

Kumbe kwenye lile daraja kuna mfereji wa maji ya mvua unaodondokea mbele ya jicho. Jicho likiona tone linadhani maji yamefika pua kwa pua. Visanduku vyote vya kijivu vina tabia hiyo, ila cha dada kimezidi.

Mkamwana kasema anajua, marekebisho yapo kwenye mapishi, yanasubiri kupikwa. Na kupika kunasubiri jiko lipangike. Na jiko linasubiri umeme. Nikamuuliza umeme unasubiri nini. Kanipa ufagio.

Aprili 3

Machi 30 dada kapiga. Aprili mosi kapiga. Leo kapiga mara mbili, ya pili aliielekeza tu simu dirishani ili nisikie king'ora.

Aprili 7

Imeji ya kijivu imegoma tena. Safari hii kosa limeandikwa kwa herufi nyekundu kurasa na kurasa. Nikauliza katika matusi yote hayo tatizo ni lipi. Mkamwana akasema ni mstari mmoja tu, na mstari wenyewe unasema "kuna kitu hakipo".

"Kitu gani?"

"Hausemi."

Nimekaa na kompyuta hizi mwezi mzima, na leo ndipo nimezichukia rasmi. Redio ikifa unanusa unajua kilichoungua. Hii haina hata harufu.

Aprili 9

Dada kaja mwenyewe, kwa miguu, ndala zimejaa tope mpaka zimekuwa viatu. Hakunisalimia. Alimwendea mkamwana moja kwa moja.

"Mwanangu, mimi shule sikwenda. Lakini mtu anayepiga kelele mchana kutwa na hakuna mwizi, huyo si mlinzi. Huyo ni mlevi. Majirani wamesema leo wanakata waya wake."

"Wasikate, shangazi. Nipe wiki mbili tu."

"Hawana wiki mbili. Wana mkasi."

Akaondoka. Na mimi hapo ndipo nilipofungua mdomo, na nikiufungua huwa sijui kuufunga. Nikamwambia mkamwana: twende, uweke mkono, dakika moja. Akasema hapana. Nikamwambia wakikata waya kisanduku kitakuwa kopo. Akasema hapana, sauti ikiwa chini kidogo. Nikamwambia ni dada yangu, sina mwingine. Nikamwambia sheria aliitunga yeye na gundi yake, hakuna polisi wa mapishi. Nilimfuata mpaka jikoni, jiko la kweli, la sufuria. Mwishowe akachukua funguo za pikapu bila kunitazama.

Pale kwenye nguzo nilimshikia mwavuli. Akaunganisha kompyuta yake, akaandika mstari mmoja: maji yakionekana kupanda kwa ghafla, puuza.

"Tayari?"

"Tayari."

"Umeona? Dakika moja! Na wewe unazunguka na majiko."

Mvua ikaanza papo hapo, matone yakapiga jicho, na kisanduku kikanyamaza. Majirani walitoka kushangaa. Dada akamshika mkamwana mashavu yote mawili kama anachagua embe. Njiani tulicheka, hata yeye.

"Hili usiliandike," akasema.

Nimeandika. Leo nimempenda huyu mtoto wa watu.

Aprili 10

Kimya. Dada kapiga simu kunisalimia tu. Mara ya mwisho kufanya hivyo nilikuwa hospitali.

Aprili 17

Sasa mkamwana kagundua lililokuwa linaozesha chungu. Kuna visanduku vya njano vya zamani na hivi vya kijivu vipya, na Mrefu alikuwa anachota vya huku anatia kule, kule anatia huku. Kwa hiyo imeji ya kijivu ilikuwa inatafuta kitu cha njano ambacho kilikuwa kwenye kompyuta ya Mrefu peke yake, kikafa nayo. Kila kitu kikabomolewa. Sasa kuna rafu ya vitu vya wote, rafu ya njano, rafu ya kijivu, na hakuna kuazimana chumvi.

Alipomaliza kubomoa ilibidi kuanza tena bila kitu chochote. Nilimkuta ameegemeza paji la uso kwenye meza. Nilikuwa na utani mzuri sana tayari, lakini niliumeza. Nilimwekea chai nikatoka.

Aprili 21

Umeme. Sitaki kuongea.

Aprili 25

Imeiva! Na si hivyo tu. Akafuta kila kitu akaipika tena, kisha akazilinganisha mbili hizo herufi kwa herufi, zikawa sawasawa. Akaruka, kiti kikaanguka.

Nikamuuliza furaha ya nini kupata kitu kilekile mara mbili baada ya kuhangaika hivi.

"Ndiyo furaha yenyewe, baba. Sasa hata nikifa leo, mtu mwingine ataipika na itatoka hivihivi."

"Usife leo. Hakuna umeme wa kukuagia."

Na mapishi mapya ni ya akili: jicho likiona maji yamepanda ghafla yakashuka, hilo ni tone, puuza. Yakipanda na kuendelea kupanda, huo ni mto, lia.

Aprili 28

Imetumwa. Tulikaa tukitazama skrini, visanduku vikipokea kimoja baada ya kingine. Nilikuwa napiga makofi. Halafu vyote vikawa vimepokea isipokuwa kimoja.

"Kimekataa," akasema.

"Kwa nini? Kina nini hicho?"

Alinitazama tu, na mimi nikakumbuka mwavuli.

"Kesho tunakwenda na kadi," akasema.

Nikamwambia hakuna haraka, kimenyamaza vizuri, mwache bibi wa watu apumzike. Alisema kesho.

Aprili 29

Pikapu imegoma. Fundi gari kasema ataileta kesho asubuhi. Mkamwana alitaka kwenda kwa miguu. Nikamwambia jua linawaka, mto umelala, ataenda kufanya nini na kadi kwenye jua. Kakaa. Kila nikimtazama anatazama skrini.

Mei 1

Haya ni ya jana. Jana sikuandika.

Pikapu ilikuja mchana badala ya asubuhi. Hapa kwetu palikuwa pakavu kabisa. Kumbe milimani imenyesha. Mkamwana alikuwa ameshika kadi na funguo, anataka kutoka, kisanduku cha juu kabisa kikawa chekundu kwenye skrini. Kikafuata cha pili. Wekundu ukawa unateremka kama mtu anashuka ngazi. Cha dada, chini kabisa, kilikuwa kijani. Kinasema maji yametulia.

"Bado hayajafika kwake," nikasema.

"Yatakapofika yatafika kwa ghafla, baba. Na mimi nilikiambia kipuuze."

Nilimpigia dada. Inaita tu. Akishona huifungia simu kwenye droo.

Ndani ya gari mkamwana aliendesha kama anagombana na barabara. "Ukinitania sasa hivi nakushusha," akasema.

"Sina utani."

"Basi usiongee kabisa."

Tulipofika maji yalikuwa ya rangi ya matofali, yanapita na magogo, yameshameza nusu ya nguzo za daraja. Yeye akakimbilia kisanduku. Mimi nikashuka kwenye nyumba, na kiuno changu, na miguu hii. Dada alikuwa kwenye cherehani, mlango wazi, anaimba.

"Dada, toka! Mto!"

Akaniangalia juu ya miwani. "Mto gani? Kisanduku hakijalia."

"Achana na kisanduku, toka!"

"Tangu mwanangu yule akitengeneze, mimi nakiamini. Kikinyamaza najua niko salama. Kaa, nikumalizie hii kola tuende kunywa chai."

Sijawahi kupigwa kofi zito kama lile, na mkono hakuuinua. Nikamshika nikamvuta. Akanitukana kwa jina nililokuwa naitwa kabla sijaota meno. Nje nikapiga kelele kwa majirani, na majirani, wale wale wa mkasi, wakatoa vichwa madirishani: "Mzee, mbona hakijalia?" Mmoja akacheka, akidhani ni mizaha yangu ya siku zote. Maisha yangu yote nimewatania watu, na jana nilipotaka waniamini hakuna aliyeniamini.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikawa kama redio iliyokosa stesheni. Maji yakaingia uani kwa dada, kimyakimya, yakabeba ndoo.

Ndipo kisanduku kikalia.

Mkamwana alikuwa amekiandika upya kwa kadi. Kikaamka, kikatazama chini, kikatazama tena, maji bado yanapanda, kikapasua hewa. Na wale watu walionitazama kama sinema walitoka wote kwa pamoja, watoto migongoni, magodoro vichwani. Nilikionea wivu. Tukapanda mpaka juu barabarani, na tulipogeuka jiko la dada halikuwepo. Ukuta wa chumba cha mbele ukafuata, na cherehani nayo.

Watu wote wako salama. Naandika tena: wako salama wote. Dada alikaa juu ya jiwe ameshika ile kola isiyo na shati.

Mei 4

Dada yuko kwetu. Usiku hapati usingizi. Anasema chai yangu ina ladha ya bisibisi. Haongei na mkamwana. Si kwa hasira. Kila mmoja akimwona mwenzake anatafuta kitu cha kuosha.

Mei 6

Kaja bwana wa kamati ya maafa, kavaa buti safi. Kaja kushukuru. King'ora kimeokoa mtaa mzima, anataka kuandika taarifa nzuri. Nilishaanza kunyoosha shati.

"Kilichelewa," mkamwana akasema.

"Kidogo tu, mama, watu wamepona."

"Kilichelewa kwa sababu nilikigusa kwa mkono. Niliandika mstari usiopitia jikoni, kikakataa marekebisho. Iandike hivyo."

Yule bwana akakuna kichwa kwa kalamu. "Sasa hiyo nikiiandika itasaidia nini?"

Nikaingilia: "Mimi ndiye niliyemsumbua. Nilimfuata mpaka kwenye sufuria."

"Wewe ulikuwa na mdomo, baba. Kidole kilikuwa changu."

Walibishana mpaka chai ikapoa, mtu akilazimisha kulaumiwa na mwingine akikataa kumlaumu. Mwishowe kaandika, kwa herufi ndogo. Dada alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Akaenda zake.

Mei 14

Leo mkamwana kafunga milango yote. Kaandika mapishi ya imeji mpya isiyo na mlango wa kuingilia: hakuna nywila, hakuna kuunganisha kompyuta kwenye nguzo, hata kadi ngeni haipokelewi. Kinachokubalika ni kilichopikwa hapa na kutiwa muhuri na kompyuta moja tu. Kanionyesha jina langu likifutwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia. Nimekuwa fundi tangu nina nywele, na nimefutwa kwa kidole kimoja.

"Na lako?"

"Langu nimeliacha. Kwa dharura."

"Dada yangu hakuwa dharura?"

Sikumtania, nilikuwa nauliza. Akarudisha kidole juu ya kitufe. Kisha akalifuta na lake, akaenda nje kupunga upepo. Nikampelekea chai. Kasema ni kweli ina ladha ya bisibisi.

Mei 20

Imepikwa. Imegoma. Imepikwa. Umeme. Imepikwa.

Mei 23

Vyote vimepokea. Cha dada pia.

Mei 29

Majirani wamemaliza kuinua ukuta wa dada. Karudi kwake leo asubuhi na cherehani ya kuazima. Nilimwambia ahamie huku juu moja kwa moja. Kasema nitangulie kuhama mimi niache karakana iingie hewa. Jana alimwita mkamwana ampime mabega, anamshonea gauni. Walikuwa wanaongea, nilisikia kupitia ukutani, lakini nilipoingia wakanyamaza.

Juni 3

Leo ni jaribio: visanduku vyote vinalia kwa zamu ili tusikie kama vina sauti. Tulikuwa mezani simu ikaita, na kabla sijaiweka sikioni nikakisikia cha daraja la chini.

"Kizime!" Dada.

"Siwezi."

"Acha utani wako, kinanitoboa masikio. Kizime!"

"Dada, sina utani. Sina mlango wa kuingilia."

"Mwambie mwanangu, basi."

Nikamtazama mkamwana. Mdomo ulikuwa umejaa, akatikisa kichwa.

"Hata yeye hawezi. Kitalia mpaka kimalize."

King'ora kikapanda na kushuka ndani ya simu.

"Yaani nyinyi wawili, na maneno yenu yote, hakuna hata mmoja anayeweza kukigusa?"

"Hakuna."

"Hata nikija kulia hapo mlangoni?"

"Hata ukilia."

Hakukata simu. Tulikaa wote watatu tukikisikiliza, yeye kule, sisi huku, mpaka kilipokwisha chenyewe.

"Haya," akasema. "Leo nitalala."